UFIZI WA BIBI HARUSI NA SIRI YA KADI YA BIMA

Huku kwetu mwisho wa reli mvua imenyesha ya kutosha, mpunga wa Kakese umesimama na vumbi la Makanyagio limetulia kidogo. Wiki iliyopita niliwaahidi kuendelea na ile mada ya wanaume wanaobadilisha namba ya siri ya simu kila mwezi, lakini naomba mnisamehe, hiyo itasubiri. Kuna jambo la ndani ya ukoo wangu mwenyewe ambalo limenikaa kooni kwa miezi, na leo nimepewa ruhusa ya kulitema. Sharti ni moja tu, nisitaje jina la mtu. Nimekubali.

Nianze na viboko. Ukitoka hapa mjini Mpanda kwenda Sitalike ni kama kilomita 35, na pale mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi kuna mto Katuma. Kiangazi maji yakipungua viboko hujazana pale kama abiria wa daladala saa 12 jioni, wengine wanalaliana mgongoni. Kiboko akipiga mwayo unaona kila kitu, meno yale marefu na ufizi mwekundu mpana kama godoro. Wazungu wanalipa dola kuja kuupiga picha ufizi ule. Lakini binadamu mwenzangu akifananishwa na kiboko halipwi chochote, anaambulia kilio tu.

Binti wa kaka yangu aliitwa Kiboko tangu yuko darasa la sita. Leo ana miaka 26, ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa ziwani, njia ya Karema. Jamani huyo mtoto Mungu alimpendelea. Umbo analo, sauti anayo, akipita na kitenge chake wanaume wa stendi wanasahau kuita abiria. Tatizo ni akicheka. Ufizi umeshuka ukafunika meno, yale ya mbele yanachungulia nusu nusu kama mtu aliyevuta shuka mpaka puani. Akipiga mswaki damu. Akila muwa damu. Kwa hiyo mtoto akajifundisha kucheka huku mkono uko mdomoni, na ukimwona kwa mbali unadhani ni adabu.

Sasa akapata mchumba. Kijana wa Kifipa kutoka Namanyere, ana mashine yake ya kukoboa mpunga hapa mjini, hanywi, hana maneno mengi. Barua ya posa ikaja, mshenga akakaribishwa, mahari ikajadiliwa mpaka kuku wa mwisho. Kamati ya harusi ikaundwa na kikao cha kwanza tu wakamtaja mpiga picha wa video. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Jumamosi moja akanijia mapema, hata chai sijainjika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo, umegombana na mwenzio?"

"Hapana. Shangazi, nataka kukatwa ufizi."

Nilicheka, nakiri. Bibi yetu marehemu alikuwa akisifia binti mwenye mwanya na ufizi mweusi, na nimesoma kwamba kule Ethiopia na Eritrea wako wanawake ambao tangu zamani huchanjwa ufizi kwa sindano ili uwe mweusi, ndiyo urembo wao. Lakini kukata ufizi, kama unavyopunguza upindo wa gauni, lilikuwa jambo geni kwangu. Akanionyesha picha kwenye simu, kabla na baada. Kweli bwana, mtu anakatwa, meno yanatokea, anakuwa mwingine. Alikwisha kupiga simu Dar es Salaam kwenye kliniki moja ya binafsi wakamtajia Sh. 600,000 kwa taya la juu peke yake, nauli na malazi juu yake. Hiyo inazidi anachopokea mkononi kwa mwezi baada ya makato.

Niliposikia neno makato nikapata akili. Nikamwambia, "Si una kadi ya bima? Kila mwezi wanakukata, na hujaugua hata mafua. Nenda kaitumie!"

Niwakumbushe kidogo, maana wengi tunazo kadi na hatujui zilikotoka. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 na watumishi wa serikali. Mchango uliwekwa asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mtumishi na nusu anatoa mwajiri. Sisi wa kuuza mpunga na kuandika magazetini tulielekezwa kwenye mfuko wa jamii, ule CHF uliojaribiwa kwanza hapa kwa jirani zetu Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa miaka ya karibuni kaya ya watu sita ikawa inatoa Sh. 30,000 kwa mwaka. Halafu mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo bima si mambo ya Ulaya tena, ni ya kwetu, na mwalimu wangu alikuwa na haki ya kwenda dirishani kifua mbele.

Akaenda. Hospitali yenyewe sitaitaja, na msianze kukisia. Dirishani alikuwapo dada mmoja mwenye kucha ndefu. Binti akainama kwenye kitundu cha kioo, akaeleza shida yake kwa sauti ya chini, kama watu wenye haya wanavyofanya. Yule dada akajibu kwa sauti ya kuita abiria wa Tabora: "Dada, UREMBO bima hailipi! Kama unataka kupendeza toa fedha!" Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja aliyekuja na mguu wake akasema basi na yeye apunguzwe kitambi. Watu wakaangua kicheko. Mtoto wa watu akatoka na mkono wake mdomoni, safari hii hakuwa anacheka.

Tumseme yule dada kwa tabia, ila neno lenyewe ni la kweli. Hakuna bima ninayoifahamu inayopenda kulipia urembo. Uingereza, ambako matibabu ya serikali yanasifiwa, meno hutengenezwa kwa mpango wao wa taifa pale tu daktari anapoona afya inadai, ukitaka meno meupe ya sinema unalipa mwenyewe. Marekani ndiyo kabisa. Ile Medicare ya wazee wao iliyoanzishwa mwaka 1965 iliacha nje sehemu kubwa ya matibabu ya meno tangu siku ya kwanza, na mwenye bima ya meno ya kununua mara nyingi anawekewa kikomo cha dola 1,000 au 2,000 kwa mwaka, zikiisha uso kwa uso na mfuko wake. Huku kwetu mfuko una orodha ya huduma za kinywa na meno unazolipia, na yanayofanywa kwa ajili ya sura peke yake yako nje. Nilikubali yaishe. Stoo nilikuwa na gunia nne za mpunga nilizokuwa nangojea bei ipande. Nikamwambia nitaziuza, zilizobaki tuchange.

Kabla sijaita mnunuzi akarudi tena hospitali ile ile, safari hii kwa tabibu wa meno mwenyewe, kuuliza kama kazi ile inaweza kufanyika hapa hapa Mpanda kwa bei ya chini. Ni kijana mdogo, mpole. Akamkalisha kwenye kiti, akamulika taa, akagusa ufizi kwa kijichuma, damu ikatoka. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Si za sasa hivi tu. Dawa ya muda mrefu. Presha? Kifafa?"

Hakumjibu. Alichukua mkoba wake, akaja moja kwa moja kwangu, akakaa jikoni juu ya kigoda na kusema maneno mawili tu: "Shangazi, amejua."

Wasomaji, hapa ndipo penyewe. Siri hii ilikuwa ya watu wanne: yeye, baba yake, mama yake na mimi. Binti alianza kuanguka akiwa na miaka 9. Mara ya kwanza aliangukia mafiga, na kovu liko mkononi hadi leo, ukimuuliza anakwambia ni uji ulimmwagikia. Siku ile majirani walikuwapo uani, watu wazima na akili zao, na hakuna aliyemgusa kwa kuogopa povu. Wanasema ukiguswa na povu au mgonjwa akijamba ukiwa karibu umeupata. Uongo mtupu. Kifafa hakiambukizwi, ni hitilafu ya umeme wa ubongo, lakini kwa imani hiyo watu wameachwa wakaungua motoni na wakazama mtoni huku wenzao wanatazama. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, ambako ugonjwa huu ni mwingi, daktari mmoja kutoka Norway aitwaye Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960. Aliandika mengi kuhusu wagonjwa waliokuwa wakifichwa na kutengwa na watu wao. Tusijione tumeendelea sana. Sisi tulimficha wetu katika karne hii, na simu mkononi.

Kaka yangu alimpeleka hospitali, hilo nampongeza. Akapewa dawa inaitwa fenitoini na tangu hapo anaimeza kila siku, anaificha kwenye kopo la majani ya chai. Imemsaidia kweli. Mara ya mwisho kuanguka ni miaka minne iliyopita akiwa chuo cha ualimu. Ila hakuna aliyetuambia jambo moja, au tuliambiwa tukasahau. Dawa hii ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1938, na mwaka 1939 tu madaktari wakawa wameshaandika kwamba inakuza ufizi. Inakadiriwa karibu nusu ya wanaoitumia muda mrefu ufizi wao huvimba, zaidi wale ambao kinywa hakisafishwi vizuri. Zipo na dawa za presha zenye mambo hayo hayo, nifedipini na ndugu yake amlodipini. Kwa hiyo mama mkwe wako mwenye presha akianza kuota ufizi usimcheke, mwambie amwonyeshe daktari. Na nisisitize, asiache dawa kwa kichwa chake. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupatwa na degedege lisilokatika, na hilo linaua.

Basi mambo yakabadilika. Yule tabibu alikuwa ametufungulia mlango bila kujua. Kama ufizi umekuzwa na dawa, unatoka damu na kuoza kwa chini, huo si urembo tena, ni ugonjwa. Daktari akiandika hivyo kwenye fomu, kuna matibabu ya kuombea bima. Asipoandika, ni urembo, na ndiyo zile gunia nne zangu.

Lakini ili aandike lazima neno KIFAFA litoke kwenye kopo la majani ya chai. Na dada wa huyo mchumba, wa tumbo moja, anafanya kazi ofisi ambayo makaratasi ya namna hii hupita. Siri ya mgonjwa inalindwa, najua, na huyo dada sina ubaya naye wala sijasikia kwamba amewahi kutoa siri ya mtu. Ila wewe ungekaa na amani?

Tukakutana kwa kaka, Nsemulwa, usiku watoto wakiwa wamelala. Kaka akasema tulipe fedha taslimu, binti aende Dar, fomu isijazwe mahali. Wifi akalia tu. Na mimi ambaye kila wiki nawapa ninyi ushauri humu ndani, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Aolewe kwanza. Mengine yatajulikana humo humo ndani." Niliyasema kwa kinywa changu. Hata nikaongeza kwamba wanaume wenyewe wanaingia kwenye ndoa na watoto wa nje hawajawataja, sembuse kidonge kimoja.

Binti alikuwa amekaa mlangoni, hakusema kitu.

Kesho yake nilikuwa na shughuli zangu za kiwanja kwa wakili mmoja hapa mjini. Nikamchomekea swali, kama vile la rafiki yangu. Wakili akavuta kitabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inasema ndoa inaweza kubatilishwa na mahakama ikiwa, wakati inafungwa, mmoja wao alikuwa na mashambulio ya kujirudia ya wazimu au kifafa. Wameviweka pamoja hivyo hivyo, wazimu na kifafa, na mimi hilo lilinichoma. Ila mlalamikaji lazima awe hakujua siku ya ndoa, na shauri alipeleke ndani ya mwaka mmoja tangu waoane. Wakili akasema mtu aliyekaa miaka minne bila kuanguka anaweza kubishaniwa kama mashambulio yake bado ni ya kujirudia, kwamba wanasheria wangekula fedha nyingi hapo. Lakini aliyeambiwa mapema hawezi kuja baadaye kusema hakujua.

Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani kwa miguu, bodaboda zinanipigia honi sizisikii. Kumbe ule ushauri wangu wa olewa kwanza ndio ungempa mtu karatasi ya kumrudisha binti yetu kwao, na ufizi wake mpya, na picha za video, na aibu mahakamani.

Nikamwita. Nikamweleza yote, na kwamba nilikosea. Akanisikiliza, kisha akasema, "Shangazi, mimi nilikuwa nimeshaamua tangu usiku ule. Tangu darasa la sita nafunika mdomo. Nikishakatwa ufizi, nitafunika na nini hicho kingine?"

Jumapili wakakutana na mwenzake, wakaenda kukaa upande wa stesheni, kwenye kivuli, siku ambayo hakuna treni. Akamwambia. Akamwonyesha hata kovu. Kijana akauliza maswali mawili matatu, akamsindikiza mpaka nyumbani, akaaga vizuri kwa heshima zote, akaondoka.

Siku tisa simu kimya! Mshenga akapita kwa kaka siku ya nne, akasimama mlangoni, kiti akakataa, akasema ana safari. Kaka akanikatia maneno. Alinipigia mara moja tu kuniambia, "Umefurahi sasa?" Wifi akaanza kuhesabu vyombo vya kicheni pati vilivyokwisha kuchangwa na namna ya kuvirudisha kwa wenyewe. Binti akarudi kazini ziwani. Mwalimu mwenzake aliniambia anafundisha kama kawaida, ila ameacha kula mchana.

Siku ya kumi jioni nasikia hodi. Ni yeye, kijana, na pikipiki yake yenye vumbi la pumba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, pita."

Hakukaa. Akasimama ameshika kofia. "Shangazi, nimekuja kuuliza jambo moja. Siku akianguka tuko wawili tu, mimi nifanye nini?"

Jamani! Nilifungua mdomo nikafunga. Miaka 17 nimeijua siri, na jibu sikuwa nalo. Nilichokijua ni kutia kijiko mdomoni na kuwafukuza watoto wasione. Nikachukua kanga yangu, nikapanda nyuma ya pikipiki, tukamfuata yule tabibu wa meno maana ndiye pekee niliyemzoea, naye akatupeleka kwa mwenzake wa wodi ya kawaida, ambaye alitufundisha wote wawili kama wanafunzi wa chekechea.

Kijiko ni marufuku, kwanza kinavunja meno. Usitie kitu chochote mdomoni, wala kidole, wala maji, wala dawa mpaka awe amezinduka. Usimkandamize mikono na miguu. Ondoa moto, jiwe na vyenye ncha karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Mara nyingi huisha dakika mbili tatu, akiamka kaa naye, atakuwa amechanganyikiwa. Ikizidi dakika 5, au akirudia tena kabla hajazinduka, beba kimbiza hospitali. Kijana alikuwa anaandika kwenye daftari la mashine yake ya mpunga, ukurasa wa wadaiwa.

Nyumbani kwao mambo hayakuwa mteremko. Shangazi yake mmoja alijitoa kwenye kamati na mchango wake akauchukua. Mama yake mzazi akatuma ujumbe kutoka Namanyere kwamba anataka karatasi ya hospitali aione kwa macho, na mpaka leo naandika hapa anatuita wale watu wa Mpanda. Harusi ikasogezwa miezi minne mbele. Sababu iliyotangazwa ni mavuno.

Sasa ufizi. Fomu ikajazwa kila kitu wazi, akapewa rufaa ya Mbeya. Basi linaondoka alfajiri, unapita Sitalike kwenye giza, viboko unawasikia tu, halafu Sumbawanga, Tunduma, unafika umekuwa vumbi la kichwa hadi kidole. Alifikia kwa ndugu yetu Mwanjelwa. Alidhani anakatwa kesho yake. Wapi! Daktari alimsafisha kwanza ugaga wote, akamfundisha kupiga mswaki upya kama mtoto, akamrudisha Mpanda kwa wiki kadhaa. Alisema uvimbe mwingine hushuka kwa usafi peke yake, hakuna haja ya kukata kinachoweza kuondoka chenyewe. Na kweli ulishuka kiasi. Pia alimwandikia barua daktari anayemtibu kifafa, kuuliza kama dawa inaweza kubadilishwa, maana akiendelea na ile ile ufizi unaweza kuota tena baada ya muda. Wakamhamishia taratibu kwenye karbamazepini, moja inapungua nyingine inaongezwa. Wakamwambia pia kwamba anayetarajia kuolewa na kuzaa azungumze nao kabla ya mimba, kwa sababu zipo dawa za kifafa zenye madhara kwa mtoto tumboni. Hilo nalo hatukulijua.

Safari ya pili ndipo akakatwa. Juu kwanza, chini baada ya wiki mbili. Ni sindano ya ganzi, halafu anasema husikii uchungu ila unasikia mlio, na huo ndio mbaya. Wakamfunika ufizi kwa kitu kama donge la chapati mbichi la rangi ya waridi, siku saba uji wa baridi na kusukutua kwa dawa. Marufuku mswaki mahali palipokatwa, marufuku pilipili. Kwenye basi la kurudi kuna mlevi alikuwa anachekesha abiria kuanzia Laela, na yeye anajibana mbavu, machozi yanamtoka.

Kadi ilifanya kazi. Kumwona daktari, kusafishwa, kukatwa na dawa, vyote alisaini fomu akatoka. Nauli mara tatu kwenda na kurudi, chakula, zawadi ya mwenyeji wake na siku za kazi alizoombea ruhusa, hivyo hakuna wa kumlipa. Nilipiga hesabu nikakuta vimemeza gunia moja na nusu. Hizo nilimpa kwa moyo mweupe. Kwa hiyo mwenye kadi akitaka kwenda kwa ajili ya kinywa, aulize mapema huduma yake imo kwenye orodha au haimo, na amweleze daktari dawa zote anazotumia, hata zile za kwenye kopo la majani ya chai. Na kama dirishani utamkuta yule dada wa kucha, mwambie akuitie tabibu.

Mpunga uliobaki, gunia mbili na nusu, hauuzwi. Umekwisha kuandikwa kwenye bajeti ya pilau, na mimi ndiye mkuu wa jiko.

Wiki hii walikwenda kupiga picha ya kadi za mwaliko, studio moja pale karibu na soko. Mpiga picha akasema, "Dada, cheka kidogo." Binti akacheka, na mkono ukapanda wenyewe mpaka mdomoni kama ulivyozoea. Mwenzake akaushika akauteremsha. Mpiga picha alikuwa ameshabonyeza. Picha ninayo hapa mezani, mkono uko katikati ya safari na meno manne yanaonekana. Kamati inataka irudiwe, na yeye amekataa.